Rasiberi Zenu na Baba Mkwe Wangu

Rashidah, mke wa Fadhul,
Mengo, Kampala.

Kwa Bwana Meneja,
Duka la Matunda, Nakasero.

Bwana Meneja Mheshimiwa,

Natumai uko mzima, wewe pamoja na friji zako. Mimi ni mzima wa mwili tu. Nauza viungo Nakivubo, na naomba kwa adabu zote uondoe rasiberi, vile vitunda vyekundu laini vya kigeni, dukani mwako kabla hazijabomoa nyumba za watu. Sababu zangu ni hizi:

1. Tunda la kweli hubonyezwa. Nilipobonyeza rasiberi moja kwa kidole gumba, kama nibonyezavyo parachichi tangu utotoni, ilipasuka ikanichafua mkono, na mlinzi wako Oyat akanitazama kama mwizi. Tunda lisilostahimili kidole cha mteja linaficha nini?

2. Niliomba nyongeza. Kampala nzima, ukinunua nyanya, muuzaji hukutupia moja ya juu kwa mapenzi. Keshia wako Ayoo alinionyesha kisanduku kilichofungwa, akacheka. Niliumia.

3. Nyumbani nilizifanyia wema wote. Niliziosha kwa maji mengi, nikazitia kwenye kaveera, mfuko wetu wa plastiki, nikafunga mafundo mawili, nikaziweka chini ya ndizi zisipate baridi. Kesho yake zilikuwa zimeota ndevu za ukungu. Niliporudi kulalamika, Ayoo akanifundisha kwamba hukaa kavu ndani ya friji, bila kurundikiwa kitu, na huoshwa wakati wa kuliwa tu. Bwana Meneja, hata bibi harusi wetu hatumdekezi hivyo.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Nilinunua tena, nikazitunza kama nilivyoagizwa, na Ijumaa baada ya swala nikamtengea baba mkwe wangu, Mzee Yasiin, pamoja na pilau. Tangu niolewe nampikia Mzee kila Ijumaa. Viungo nachagua mwenyewe, nasaga mwenyewe. Yeye hula, hunawa, humshukuru Mungu, basi. Jina langu halitaji. Mimi kwake ni mke wa Fadhul. Ijumaa hiyo alisogeza pilau pembeni, akala rasiberi moja moja mpaka zikaisha, kisha akatangaza mbele ya mawifi zangu kwamba leo amekula. Leo! Tunda ambalo sikulipika, sikulikaanga, hata iliki sikulitia! Wifi yangu Husnah alicheka hadi akapaliwa. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, na vitunguu nilikuwa nimeshamaliza kukata tangu asubuhi.

5. Kwa hiyo rasiberi ziondoke dukani mwako, ziondoke Nakasero, na ikiwezekana Uganda yote. Ikishindikana, bandika tangazo mlangoni kwamba wanawake wenye baba mkwe hawauziwi.

Nisalimie Ayoo, ambaye kosa si lake, na Oyat pia, pamoja na wote wanaobeba masanduku hapo dukani. Mungu awape baba wakwe wanaopenda pilau.

Ni mimi, mwenye kinyongo na heshima zote,
Rashidah

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha Mzee alipopiga simu. Hakuniita mke wa Fadhul. Aliniita Rashidah, binti yangu, akauliza kama Ijumaa nitakuja nazo tena. Tafadhali niwekee visanduku viwili mahali penye baridi. Nyongeza nimesamehe, na mwambie Oyat sitabonyeza.