Mama Yao Hapendi Kuonwa

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Kidege wangu atapata mtoto wa mbwa mwingine, na safari hii nachagua mimi. Wa kwanza aliletwa na wifi kwenye boksi la viatu, macho yamejaa tongo, tumbo kama puto. Hakumaliza wiki. Tangu hapo Kidege analala kaushika ule mkanda wa shingo wa mbwa wake, mtupu, na hajacheka. Mtoto wa miaka minne! Wifi anatangaza kila mahali kwamba mbwa alikuwa mzima, ila nyumba yangu ndiyo ina hewa mbaya. Hewa!

Nimempitia daktari wa mifugo. Akanieleza huku anafunga kliniki: macho makavu, ufizi wa waridi, pua baridi, nipige makofi kwa nyuma nione kama anasikia. Halafu akaacha ufunguo kwenye kitasa, akanigeukia. Nisichukue mtoto wa mbwa kabla sijamwona mama yake. Nimeyashika yote kichwani. Akifa na huyu, sijui nitamtazama vipi mwanangu.

Jumanne, 4 Juni

Mpango: mfugaji wa mbwa ninayemwendea asinione mshamba. Nivae koti jeupe, nionekane mtu wa mifugo. Daktari alininyima lake. Nikaazima la muuza nyama wa kona. Kaapa kwamba limefuliwa.

Nyumba ya mfugaji iko mwisho wa barabara. Uani pamefagiliwa hadi panatisha. Hakuna hata nzi. Mwenyewe ni mtu mwembamba anayenong'ona, na hakuna aliyelala. Baada ya muda hata mimi nikajikuta nanong'ona.

Nikasema nimetoka idara ya mifugo. Hapohapo watoto wa mbwa wakanivamia, wakaning'ata pindo, mmoja akazama mzima mzima mfukoni. Koti linanuka maini! Sasa nitajuaje yupi mchangamfu, na wote wamepagawa? Mfugaji akanusa, akauliza ni idara gani hasa. Nikamwambia ya ndani.

Mmoja tu hakuja. Mweusi. Kaketi mbele ya mlango wa stoo, ananitazama usoni kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Nikamzunguka ili nipige makofi. Akageuka kabla sijapiga. Nikajaribu tena. Akageuka nikiwa bado nafikiria. Masikio gani hayo! Nikamchagua palepale.

Nikaomba kumwona mama yao. Mfugaji akautazama mlango wa stoo. Umefungwa, na kwa nje hauna komeo wala kitasa. Unafungwa kwa ndani.

"Mama yao hapendi kuonwa," akanong'ona. "Yeye ndiye anayeona."

Kumbe anamsema mkewe! Basi, wengine wana aibu. Nikasogea mlangoni nikasema shikamoo mama. Kwenye uwazi wa chini pumzi ya moto ikapita juu ya vidole vyangu vya miguu, taratibu, kutoka kidogo hadi kikubwa. Kisha kitu chenye maji. Watoto wa mbwa wote wakanyamaza kwa pamoja.

Nikaambiwa nirudi Alhamisi na mtoto wangu.

Sikuwa nimemwambia nina mtoto.

Jumatano, 5 Juni

Wifi kapata habari zangu. Kaja kusema mimi hata nyanya siwezi kuchagua, sembuse mbwa. Nikamjibu kwamba wangu anasikia hadi mawazo. Alicheka mpaka akakohoa.

Baba Kidege anauliza kwa nini mkewe ananuka maini. Nikamweleza yote, pamoja na ile pumzi ya chini ya mlango. Akasema ni upepo. Sikubishana. Ila upepo haulambi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeenda na Kidege na mkanda wake. Mfugaji hata mbwa hakututolea. Alichuchumaa akamtazama Kidege macho. Akauliza anakula? Anakohoa? Analala vizuri? Nikasema huyu ni muungwana, anajua kujulia watu hali. Mimi akaniomba nicheke. Nikacheka. Akanitazama ufizi. Halafu akanigusa pua kwa mgongo wa mkono, akatikisa kichwa kuonyesha karidhika.

Kisha akanyanyua mikono nyuma ya kichwa cha Kidege apige makofi. Hakuwahi. Mtoto alikuwa keshageuka. Hakumgeukia yeye, aligeukia mlango wa stoo. Akaenda, akaweka sikio kwenye ubao, akawa anaitikia kwa kichwa kama anapoagizwa na bibi yake. Komeo likasogea kidogo. Nilimvuta mwanangu hadi kiatu kikamvuka.

Mfugaji akashusha pumzi kama aliyetua gunia. "Amekubali."

Nikajipongeza kimoyomoyo. Nimemshawishi mtu kwa kufungua mdomo tu!

Nikakumbusha kwamba mama mbwa bado sijamwona. Akasema nisijisumbue, atakuja mwenyewe. Akauliza kama nyumbani tuna stoo. Nikamjibu tunayo, ya mkaa na viti vibovu. Sijawahi kuona mtu akifurahia stoo ya mwenzake namna ile. Ndipo akatupa yule mweusi, tukaondoka naye.

Ijumaa, 7 Juni

Daktari kamkagua Mweusi. Anasema hajaona mbwa mzima kama huyu. Akauliza kama nilimwona mama. Nikasema tumesalimiana.

Wifi naye kaja na maneno yake ya hewa. Mweusi akaketi mbele yake akamtazama. Wifi akasahau sentensi katikati. Akatoka kinyumenyume na kuacha kandambili zake mlangoni.

Na Kidege akacheka! Kicheko chake kilekile cha kukatika pumzi. Niliingia jikoni nikalia juu ya sufuria.

Niliporudi alikuwa anamnong'oneza Mweusi sikioni kwamba mama yako anakuja kesho. Nikamuuliza nani kamwambia.

"Mama yake."

Jumamosi, 8 Juni

Nimetoka sokoni nikakuta mkaa na viti vibovu vimepangwa uani, vizuri kabisa. Pamefagiliwa. Nzi hakuna. Mlango wa stoo umefungwa kwa ndani, na stoo yetu haijawahi kuwa na komeo.

Nikakimbia kwa mfugaji. Nikamkuta barabarani na begi mgongoni, anaimba! Sauti yake nzito kumbe, inasikika mtaa mzima. Akanisimulia kwamba naye siku moja alienda mahali kuchagua mtoto wa mbwa tu, basi. Akanikabidhi ufagio.

Nikamuuliza, kwa hiyo sasa mfugaji ni mimi?

Alicheka hadi akafuta machozi. "Mfugaji ni yeye, dada."

Mnyenyekevu sana yule mtu. Sifa zote anampa mnyama.

Jumapili, 9 Juni

Mambo yamenyooka. Mweusi kanenepa. Kidege anacheka tangu asubuhi, mgongo kauegemeza kwenye mlango wa stoo, na ule mkanda mtupu kauingiza kwa chini mwenyewe. Baba Kidege sasa ananong'ona. Sijamwagiza. Nami nilishtuka nikiwa nafagia uani, sikumbuki nilianza saa ngapi.

Stoo inalia sauti ndogondogo. Watoto wapya! Biashara imenifuata hadi nyumbani.

Na nani kaja, mpole, mikono nyuma? Wifi! Kafuata kandambili, anasema. Halafu akashusha sauti: na yeye anataka mmoja, wa mwanawe. Lakini lazima kwanza amwone mama yao, si mjinga yeye.

Nilisubiri siku hii maisha yangu yote. Nikavaa koti la muuza nyama. Nikamsogelea.

"Mama yao hapendi kuonwa, wifi. Yeye ndiye anayeona."

Nikamwambia arudi Alhamisi na mtoto. Kabla hajaondoka nikamwomba acheke, nikamtazama ufizi. Kanionyesha wote, hata hakuuliza kwa nini! Mtu wa hivyo ndiye wa kunifundisha mimi kuchagua?

Nilikuwa na mengi ya kuandika juu ya mradi wangu, maana nitakuwa bosi wangu mwenyewe. Ila mlango wa stoo unakwaruzwa kwa ndani. Mara ya kwanza mama yao alitaka ufagio, ya pili maji. Hii ni ya tatu, sijui ya nini. Ngoja nikaulize.