Hila za Dada Yangu Katika Shamba la Bondeni

Jumatatu, 4 Mei

Dhuluma imeanza mapema wiki hii. Mama ametuita, mimi na dada yangu, akatangaza kwamba magoti yamemshinda na hatalima tena lile shamba la bondeni alilotuachia marehemu baba. Jumamosi ya wiki ijayo atashuka kukagua maharage yetu, halafu atasema shamba linakwenda kwa nani. Ukaguzi! Mimi, mzaliwa wa kwanza, nikaguliwe pamoja na kitindamimba aliyezaliwa nikiwa tayari nanyoa ndevu! Nikamwambia Mama jambo hili halihitaji ukaguzi, linahitaji heshima. Akasema heshima haijawahi kuota mahali akaipalilia.

Hali ni hii. Mwanzoni mwa msimu tuligawana shamba kwa muda. Nikachagua nusu ya chini, kando ya mto, udongo mweusi unaonata vidoleni. Kitinda (ndivyo tunavyomwita) akabaki na nusu ya juu, mawe matupu. Basi nielezwe, maharage yake yanapendezaje kuliko yangu? Kuna mkono wa mtu hapa.

Mke wangu naye hakuremba maneno. Nikilikosa shamba, naenda dukani kwa kaka yake kubeba magunia ya chakula cha kuku. Shemeji huyo huniita Profesa, kisha hucheka peke yake. Bora nife!

Jumatano, 6 Mei

Nusu yangu imejaa magugu. Watu wanasema. Waseme! Sijapalilia kwa makusudi. Nina kitabu cha historia ya kilimo, hakina jalada lakini elimu imo yote. Watu wa kwanza kupanda mbegu hawakujitesa kama sisi. Walichoma pori, wakapanda kwenye majivu, udongo ukichoka wakahama. Wengine walingoja mto ufurike, wakapanda kwenye tope. Walitumia akili, hawakutumia mgongo! Nilimweleza Mama haya yote huku akichambua mboga. Akaniuliza watu hao wako wapi siku hizi. Nikamjibu walishakufa, ni zamani sana. Akasema anaona.

Sikupenda alivyosema.

Mchana Kitinda akapita na jembe begani, akaniuliza kwa upole kama anisaidie mistari miwili mitatu. Unafiki ulioje! Anisaidie, halafu akimbilie kwa Mama kujisifu. Nikamkatalia kwa adabu zote, nikarudi nyumbani kulala. Kitabu kinasema ardhi lazima ipumzike, na mimi sikutaka kuisumbua.

Alhamisi, 7 Mei

Wadudu! Weusi, wadogo, wamejazana chini ya majani yangu kama wako harusini. Kwa Kitinda hakuna hata mmoja. Ni wazi amewafukuza kwake wakahamia kwangu.

Dawa ya wadudu ninayo. Bomba la kupulizia sina. Kitinda analo, lile la kubeba mgongoni. Nimwombe? Mimi? Thubutu! Nikasubiri aende sokoni, nikaingia stoo yake, nikaliazima. Hakuna sheria inayosema ukiazima kitu lazima mwenyewe awepo. Lilikuwa limefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini. Ama kweli, mpaka bomba linarembwa! Kitambaa kikawa kinanisumbua mkono, nikakitupa. Mlikuwa na maji yamebaki ndani. Sikuyamwaga, mimi si mtu wa israfu. Nikajazia mengine, nikatia dawa yangu, nikapulizia nusu nzima, jani kwa jani. Nikalirudisha kabla hajafika. Mgongo unaniuma lakini moyo mweupe.

Jumapili, 10 Mei

Nimekwisha! Maharage yamegeuka njano. Yamenyong'onyea yote, kutoka njiani mpaka mtoni. Nikaenda mbio kwa bwana shamba, nikamtoa kwenye chai yake. Alichuma jani, akaligeuza, akaniuliza nimepulizia nini. Nikasema dawa ya wadudu. Akauliza nimetumia bomba la nani. Nikasema bomba la kawaida tu. Akatikisa kichwa, akasema maharage haya yameuawa na dawa ya kuua magugu, bila shaka bomba lilikuwa na mabaki. Kisha akaanza kunifundisha, kana kwamba nimemuuliza, kwamba wakulima makini hulifunga bomba la magugu kitambaa chekundu ili mtu asilikosee.

Nikashikwa na kikohozi.

Lakini hebu tuambiane ukweli! Kitinda anaua magugu ya njiani kwa bomba lile, halafu analiweka kwenye stoo isiyo na kufuli, mahali ambapo kaka yake mwenyewe anaweza kuingia wakati wowote bila yeye kujua! Huyo ni dada au muuaji? Na kitambaa kitupu kinamweleza nini mtu? Hata magugu yamekufa, na hayo ndiyo yaliyokuwa yananawiri.

Nimerudi nyumbani nikakuta mke wangu ameazima ovaroli la kaka yake, amelifua na kulianika mbele ya dirisha. Ameninunia kwa kutumia nguo.

Jumanne, 12 Mei

Nimepata! Nimepata!

Mzunguko wa mazao, sura nzima. Mahindi hapa msimu huu, kunde hapo msimu ujao, ardhi isichoke. Nikajiuliza, mazao hayana miguu, kwa nini wasizunguke wakulima? Nikamfuata Kitinda. Nikamweleza kwa ufasaha kwamba kilimo cha kisasa kinatutaka tubadilishane nusu zetu, yeye ashuke, mimi nipande juu. Nikamwambia ni zawadi ya kaka kwa mdogo wake. Habari ya maharage kufa sikuigusa. Akasema ameyaona.

Akalitazama bonde, akanitazama mimi. Akauliza kama ni kubadilishana kwa siku chache au moja kwa moja. Nikamwambia moja kwa moja, mimi si mtoto. Akauliza kama naweza kuyasema hayo mbele ya Mama. Nikasema hata mbele ya kadamnasi! Tukaenda, nikasema. Mama akaniuliza mara mbili kama nina homa. Nikamjibu sijawahi kuwa mzima kama leo.

Kitinda maskini! Ameingia kichwakichwa. Nusura nimwonee huruma.

Jumamosi, 16 Mei

Siwezi kuandika vizuri kwa hasira.

Mama alishuka taratibu, ameshika bega la mke wangu. Shemeji naye akaja, sijui nani kamwalika. Tukaanza juu. Maharage yangu (ndiyo, yangu!) yamejaa maganda. Mama akalishika ganda moja, akatabasamu. Nikasimama kama bwana harusi. Tukashuka chini. Kitinda alikuwa ameng'oa yale mafu yote na kulima upya. Hapakuwa na kitu, ni udongo mtupu. Nikajizuia nisicheke.

Mama akaketi kwenye kigogo. Akasema hakuwahi kuwa na nia ya kumnyima mtoto wake yeyote. Alichotaka ni kuniona mimi shambani walau siku mbili tatu kabla hajaondoka duniani. Shamba atatugawia sote, kila mtu achukue nusu yake, na asisikie maneno tena.

Nilifurahi jamani! Nusu yangu! Udongo mweusi wa baba! Nikaanza kuteremka kuelekea mtoni nikapapime. Mama akaniuliza nakwenda wapi. Akasema nusu yangu ni ile ya mawe, nilibadilishana mwenyewe, moja kwa moja, mbele yake, na homa sikuwa nayo.

Nikapiga kelele kwamba ule ulikuwa mzunguko, na mzunguko hurudi ulikoanzia! Nikamwambia Kitinda amenichezea shere. Akasema, bila hata kupandisha sauti, kwamba maharage angepanda mengine, lakini udongo ule asingeupata tena popote, na alishangaa mimi nilivyouacha.

Baba alikuwa akinibeba mabegani kwenye udongo ule, nikiwa peke yangu, Kitinda hajazaliwa. Nililia. Yalikuwa machozi ya hasira, na mtu asiseme vingine.

Mke wangu akasema mawe hayalishi watoto. Asubuhi nitalima, mchana nitabeba magunia. Shemeji akacheka, safari hii si peke yake.

Alhamisi, 28 Mei

Maharage ya juu tumeshavuna. Nimeanza kulima. Jembe linatoa cheche! Kila nikipiga, jiwe. Nikajiuliza, kwa nini mimi niteseke na yeye yuko pale chini amestarehe? Basi kila asubuhi, kabla ya magunia, nimekuwa nikiokota mawe na kumvurumishia upande wake. Uharibike huo udongo wake mweusi! Aonje!

Leo bwana shamba kaja bondeni na kundi zima la wakulima. Nikajua Kitinda amenishitaki. Nikashuka nimejiandaa kukana. Kumbe wamekuja kutazama ukuta! Huyu binti ameyakusanya mawe yangu yote, ameyapanga kando ya mto, mto ukifurika usimchukulie udongo. Bwana shamba alikuwa akiupapasa kama ng'ombe wa maziwa, akisema hajaona ukingo safi hivyo. Kitinda akawaambia wageni kwamba mawe aliletewa na kaka yake kila siku alfajiri, bila kuombwa, na mgongo wangu ukiwa umechoshwa na magunia. Akasema hajui anishukuru vipi. Wakanipigia makofi! Mama akanishika mkono mbele ya watu wote, akasema sasa anaweza kulala usingizi. Jioni akaniletea bakuli la maharage kwa mkono wake mwenyewe.

Nimeyala yote kwa uchungu mkubwa. Kosa nimeshaligundua. Mawe niliyokuwa nikitupa yalikuwa madogo mno, yalimwangukia bila kumuumiza. Kesho natupa makubwa.