Fuwele Yangu na Tanuri la Bi Taratibu

Jumatatu, 3 Juni
Profesa katangaza: Ijumaa wageni wanakuja. Mwenye fuwele itakayoifanya sumaku ielee hewani vizuri zaidi ndiye atakayebaki maabara mwaka ujao. Nafasi moja! Nasi tuko wawili, mimi na Bi Taratibu. Huyu dada hata chai huikoroga kana kwamba itaumia. Fuwele zake anazipoza polepole kwenye oksijeni, eti chembe za oksijeni zijipange mistari, ndipo umeme upite bila kizuizi na sumaku ielee. Zijipange! Kwani ziko benki?

Jumanne, 4 Juni
Mpango: kuitoa yangu tanurini ikiwa bado nyekundu, ipoe mbele ya feni. Nimeitoa. Nyeusi, inang'aa, mrembo kabisa! Nimempigia mama simu kumwambia nimepata kazi. Kauliza kama wameniambia. Nimemjibu wao bado hawajajua.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Nimeizamisha kwenye nitrojeni ya baridi kali, nikaweka sumaku juu. Sumaku imelala kama mtoto aliyeshiba. Fundi wa eksirei, mtu asiye na adabu, kaipiga picha, kasema oksijeni imekwama ovyoovyo humo ndani, kama soko lililovamiwa na nyuki.
Mpango wa pili: kuining'iniza sumaku kwa uzi mwembamba, wageni wadhani inaelea. Bi Taratibu kanikuta nimeuma uzi kwa meno. Hakucheka. Kaniuliza tu kama nimekula.

Alhamisi, 6 Juni
Fuwele yangu haipo mezani! Mwizi ni nani kama si yeye? Nimekwenda kumfumania. Kweli, imo tanurini mwake, kaipasha moto upya, oksijeni inapita.
"Haijaharibika, kaka," kaniambia. "Ilikosa muda tu. Ni nyembamba, kesho itakuwa imepoa."
Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Badala yake nimemuuliza kama amekula.

Ijumaa, 7 Juni
Imeelea! Sumaku imeelea juu ya yangu, na juu ya yake vilevile! Profesa kashindwa kuchagua, kaomba nafasi ya pili kwa wakubwa, wakakubali palepale. Tunabaki wote. Bi Taratibu kanipigia makofi hadi miwani ikamdondoka. Macho yamenilowa. Vumbi, bila shaka.
Njiani nimetafakari sana. Somo nimelipata: fuwele ikishtuliwa kwa baridi kwanza ndipo inapata akili. Jumatatu nawahi na ndoo ya barafu. Nitaanza na fuwele za Bi Taratibu, kwa shukrani.