Mhudumu Mmoja, Asiyepiga Soga

Umma wa Unguja, mjini na shamba, unaarifiwa kwamba vurugu za kuuguzana zimekwisha. Idara yetu ya Ubora na Usalama wa Huduma za Majumbani, ambayo mimi ni naibu mkurugenzi wake, imepitisha Mwongozo. Kila mgonjwa mtu mzima atakuwa na mhudumu mmoja, na kila mhudumu mgonjwa mmoja tu. Mhudumu awe na cheti, na asipige soga. Atakayemgusa mgonjwa bila cheti amehatarisha usalama, hata kama wamekua pamoja.

Tulianzia Ng'ambo, kwa Bi Biasha, ambaye miguu imemkataa na hashuki tena kitandani. Hali tuliyoikuta inasikitisha. Chumba kimejaa wanawake. Thuwaiba, jirani wa ukuta mmoja, anamsugua mgongo kwa mafuta ya nazi. Mwanakheir wa nyumba ya mbele anamlisha uji, huku akisimulia harusi ya Mlandege iliyovunjika baada ya mwenye kanzu kuja kuidai kanzu yake mwilini mwa bwana harusi. Bi Biasha alicheka mpaka uji ukamtokea puani. Mkurugenzi wetu, Bwana Wakil, aliuita mkasa huo "hatari ya kupaliwa itokanayo na umbea."

Tukawatoa wote. Tukamweka Suhail, kijana nadhifu, glavu mpaka kwenye viwiko, aliyefuzu somo la kimya kwa daraja la kwanza.

Nyumba ikatulia, hata kuku wakawa wanapita kwa adabu. Bi Biasha akaacha kula. Suhail alimwonesha uji kwa kidole. Bibi akageukia ukutani. Bwana Wakil akaenda mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Mbona huli?"

"Marahaba. Nshashiba."

"Umeshiba nini?"

"Kimya chenu, mwanangu."

Tukaandika: mteja ameshiba. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Hayo tukayaandika kuwa utulivu wa uso.

Thuwaiba alisimama dirishani. "Wakil, bibi anakufa huyo. Tuachie tumlishe."

"Una cheti cha kulisha?"

"Mamako alikulisha weye kwa cheti gani?"

"Mama hakuwa na Mwongozo. Ndiyo maana nilikuwa nikipaliwa sana."

Siku ya ukaguzi, Bwana Wakil aliamua kutuonesha namna salama ya kumgeuza mgonjwa. Aliinama kama ilivyo kwenye picha ya Mwongozo, magoti yamenyooka, tumbo limebanwa. Mgongo ukalia kama ukuni mkavu. Akashuka mkekani taratibu, kwa heshima zote za cheo chake, asiinuke tena.

"Suhail, niinue."

Suhail alitikisa kichwa. Mgonjwa wake ni Bi Biasha. Wa pili haruhusiwi. Mimi nami cheti sina, na sheria naijua, nimeiandika.

Bwana Wakil akatazama dirishani, walikosimama Thuwaiba na Mwanakheir. "Thuwaiba."

"Naam."

"Njooni mniinue."

"Sie? Si hatari sie?"

"Mwongozo umelegezwa."

"Sema kwa sauti," Mwanakheir alimwambia, "bibi hasikii vizuri."

"Nnasikia," Bi Biasha alisema kutoka kitandani. "Lakini aseme tena."

"Aingie anayetaka," alisema Bwana Wakil, shavu lake juu ya mkeka, "na aseme anachotaka."

Wakaingia, na wenzao nyuma yao, mpaka mimi nikakosa pa kuweka mguu. Kumwinua haikuwezekana, kila wakimgusa analia. Basi wakamlaza vizuri hapo hapo, wakamsugua mafuta yale yale ya nazi. Mwanakheir akachota uji, akamsogelea bibi.

"Na hadithi," alisema Bi Biasha. "Bila hadithi sifungui mdomo."

"Ipi, bibi?"

"Si mlisema hapo dirishani iko mpya? Ya mkubwa mmoja wa idara, kamuaga mkewe anakwenda semina Matemwe, kumbe kaenda kuoa."

Bwana Wakil alijaribu kuinuka. Mgongo ukamkatalia.

"Haya," Mwanakheir alianza, "semina yenyewe ilikuwa na pilau ya watu mia, na mshiriki mmoja kapakwa hina."

Bi Biasha alifungua mdomo. Kijiko kikaingia, kikatoka kitupu, kikaingia tena.

Suhail alivua glavu, akasogea, akakaa mkekani karibu na kichwa cha mkurugenzi.

"Kisha ikawaje?" aliuliza.