Mbao Nne za Kona

Leo nimeaibika, tena juu ya ukuta wa nyumba yangu mwenyewe!

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Dongobesh. Najenga. Mke wangu alichagua paa la pande nne, lile linaloteremka kila upande (la pande mbili, eti, ni la ghala la mahindi). Kenchi za katikati fundi Tarmo alizisimamisha jana. Zikabaki mbao nne za kona, zile zinazopanda kutoka pembe za ukuta hadi kwenye mgongo wa paa.

"Mwalimu, hizo tutazipima kwa kamba tukiwa juu," akasema.

Kamba! Nimesoma chuo mimi, halafu nyumba yangu ipimwe kwa kamba? Jioni nikachukua ramani, nikapiga hesabu, nikazikata zote nne kwa msumeno. Malengelenge ninayo hadi sasa.

Asubuhi baba mkwe akafika kutoka Tumati kuona nyumba ya binti yake. Shikamoo, marahaba, nikamwekea kiti. Nikamwambia, "Baba, leo utaona hesabu ikipanda juu." (Nani alinituma?)

Nikapanda ngazi hadi juu ya ukuta, nikashika kenchi. Fundi akakaa kwenye pembe. Mbao ikaja, ikaja, ikaishia hewani. Imepungua zaidi ya futi moja!

"Sogeza," nikamwambia.

"Nikisogeza inatoka ukutani."

"Basi vuta!"

"Nivute mbao, mwalimu? Hii siyo lastiki."

Nikafoka. Nikasema ukuta umepinda. Nikasema muuza mbao kanipunja. Nikaagiza ya pili. Ikapungua vilevile. Ya tatu, vilevile. (Angalau nilikata kwa usawa!) Majirani wakaanza kusimama njiani kama kuna mnada.

Ndipo fundi akaniuliza, kwa upole unaoudhi kuliko tusi: "Ulipima urefu wa chini tu, mwalimu? Na kimo cha paa je?"

Nilikuwa nimepiga hesabu kana kwamba paa limelala sakafuni.

"Si ulitufundisha wewe mwenyewe, kidato cha pili?" akaongeza.

Ni kweli. Tarmo ni mwanafunzi wangu wa zamani. Kwenye ripoti yake niliandika kwa mkono wangu: "Hesabu hazimfai."

Baba mkwe akaita kutoka kwenye kiti: "Mwalimu! Hesabu bado inapanda, au tunywe chai kwanza?"

Majirani wakaangua kicheko. Mke wangu akaingia jikoni, nikamsikia akicheka hukohuko! Fundi akahamisha ngazi kwenda pembe ya pili, akatoa kamba yake. Na nani alimshikia ncha? Baba mkwe! Mimi nikaachwa juu ya ukuta kama kunguru, bila ngazi, hadi walipomaliza pembe zote nne.

Jumatatu nina kipindi cha kwanza. Atakayetamka neno "kimo" darasani huku anatabasamu, tutakutana ofisini.