Saa ya Kumi ya Lavender na Ndama wa Minjila

Sogeeni, enyi mlao mchele wa Tana, nanyi mnywao maziwa ya nyika! Wekeni chini majembe, fungeni mifugo, na simu nazo zizimeni, maana nimewaona mkizichungulia. Nawasimulia tendo lililotendeka Minjila siku ya Alhamisi, alasiri, tendo ambalo redio haikulitaja wala mheshimiwa yeyote hakulitolea hotuba. Mimi nililishuhudia kwa macho yangu mawili, nikiwa nimekaa juu ya pikipiki iliyoishiwa petroli, kwa hiyo sikuwa na haraka.

Alikuwako Lavender binti Martin, mzaliwa wa Kulesa, mwanafunzi wa Gredi ya Nane, ngao ya mahindi, kiboko ya wenye pembe. Tangu akiwa na miaka sita alililinda shamba la baba yake kando ya mto kwa debe na fimbo, na haijapata kusikika kwamba ng'ombe alitia kwato mle akaitoa kwa hiari yake.

Shule yake, iliyo karibu na Garsen, ilikuwa imeweka sharti: kila mwanafunzi atoe saa kumi za huduma kwa jamii, na kila saa itiwe sahihi na aliyehudumiwa. Tisa alikwisha kuzitoa. Alifagia zahanati, akapanda miche, akawasomea wazee barua zao. Ilibaki ya kumi, na hiyo ilikuwa na masharti yake. Mwana wa mkulima amtumikie mfugaji, na mwana wa mfugaji amtumikie mkulima. Gollo, wa darasa lake, mtoto wa wafugaji, alikuwa ameshang'oa mpunga wa watu akidhani ni nyasi, akatiwa sahihi kwa huruma.

"Atakayekuja paredi ya kesho na sahihi pungufu ya kumi," alitangaza Mwalimu Karisa, akiwa amepanda juu ya kiti kwa kuwa Mungu hakumjalia urefu, "ataanza upya, saa ya kwanza hadi ya mwisho! Likizo yote atakuwa hapa pamoja nami, na mimi, jueni, sina pa kwenda!"

Na likizo hiyo Lavender alikuwa ameahidiwa safari ya Chara, kwa dada yake Joy aliyejifungua mtoto wa kike. Mtoto alikuwa na siku arobaini na mbili, na shangazi—samahani, mama mdogo—hajamshika hata mara moja. Alikuwa amemwona kwenye simu tu, kafunikwa hadi puani. Jambo hilo lilimuuma kuliko alama zote za shule.

Basi akafika Minjila kwa Bibi Madina, mama mzee mfugaji wa Kiorma mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, na ng'ombe huyo alikuwa bado malishoni. Bibi Madina akamwonyesha ndama mwekundu aliyesimama uani akitafuna kamba ya nguo.

"Huyu jina lake Dima," akasema. "Kazi yako ni moja tu, mwanangu. Mwingize kwa kizizi kabla mama yake hajarudi. Akimwahi mama yake, atanyonya maziwa yote, na mimi sitii kidole changu kwa karatasi ya mtu aliyeninyima chai."

Lavender akainama kwa heshima. Akatwaa sufuria kuukuu, akatwaa na mwiko, akamkabili adui.

"Ewe Dima!" akanguruma. "Mbele yako ni Lavender binti Martin wa Kulesa! Ng'ombe thelathini walikuja na kiburi chao, wakarudi mbio na mikia juu! Nimewashinda baba zako, nitakushinda na wewe!"

Kisha akaipiga sufuria, akarusha mikono, akapaza ule ukelele wa ukoo wake: "Hoo! Hoo! Toka! Toka!"

Ndama akatoka. Alitoka uani, akapita kando ya pikipiki yangu, akavuka barabara na kujitoma katika kichaka cha mathenge, akasimama huko katikati ya miiba akimtazama shujaa. Shujaa akamfuata na sufuria yake, na kadiri alivyoipiga ndivyo ndama alivyozidi kuzama ndani. Upande wa malisho vumbi likaanza kuonekana. Ng'ombe walikuwa wanarudi.

"Umemfukuza vizuri sana," akasema Bibi Madina kutoka mlangoni, bila kuinuka. "Sasa mwite."

Sufuria ikashuka. Nikamwona Lavender machozi yakimlengalenga. "Bibi, sijui kuita ng'ombe. Kwetu hakuna anayeita ng'ombe. Ng'ombe kwetu anafukuzwa tu."

"Mtoto mchanga je, unajua kumwita?"

Hapo, enyi wasikilizaji, nilijiinua juu ya pikipiki yangu nione vizuri. Binti Martin akaiweka sufuria chini, akachutama mbele ya mathenge, akanyoosha vidole. Akatoa sauti ambayo Kulesa haikuwahi kuisikia kwake, sauti aliyokuwa amemwekea mtoto wa Chara siku arobaini na mbili. "Dima," akasema. "Njoo, mama. Njoo kwangu, Dima."

Sikio likatikisika. Mguu mmoja ukatoka miibani, ukafuatwa na wa pili. Ndama akaja, akavitia vidole viwili vya Lavender kinywani, akaanza kunyonya. Binti Martin akarudi naye kinyumenyume, akavuka barabara, akapita ua, hadi kizizini, huku mama wa ndama akilia kwa mbali. Bibi Madina akateremsha mti wa lango.

Kisha akapaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba, akakikandamiza kwenye fomu, sehemu ya chini.

Asubuhi ya Ijumaa, mbele ya shule nzima, Mwalimu Karisa alipanda kiti chake akasoma: "Saa ya kumi. Huduma iliyotolewa: aliita ndama, akaja." Akaisoma mara ya pili, polepole, kisha akateremka kitini.

Basi iandikwe, na wajukuu wasomewe: kwamba katika enzi hii yetu mtu wa Kulesa alimwambia ng'ombe wa Minjila "njoo", naye ng'ombe akaja. Chai ilinywewa jioni ile ile ya Alhamisi, nami nilipewa kikombe. Jumatatu Lavender alikwenda Chara, na mtoto alipolia, vidole alikuwa anajua pa kuvitia.