Hodi Tatu za Mama Felista

Jamani, leo nimejianika. Nimejianika mbele ya kundi zima, kwa sauti yangu mwenyewe, na sina wa kumsingizia.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana nikiruka hatua nitaanza kujitetea. (Najijua.)

Baadhi yenu mnafahamu kwamba mimi na Zuhura, mwenye studio ya picha za pasipoti hapa Mwembesongo, tunasimamia kundi la mtandaoni liitwalo Nyuma ya Picha. Hatuzungumzii bei za kamera. Tunajiuliza mambo mengine: picha ni mali ya aliyepiga au ya aliyepigwa? Kumpiga mtu picha msibani ni kumkumbuka au ni kumwibia? Maswali matamu. Tatizo ni kwamba hayajibiwi. Mgeni akiingia na kusalimia, kimya. Akiuliza, anaambiwa akasome kwanza. Kesho yake keshatoka.

Wiki hii Zuhura alichoka. "Kaka Bene," akaniambia, "Jumamosi tufanye mjadala wa sauti. Wageni wasipofunguka, nafunga kundi. Siwezi kuendelea kufuta vumbi kwenye viti visivyokaliwa."

Nikajitolea kuufungua mjadala. Mada: namna ya kumpokea mgeni. (Msicheke bado.)

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Mimi ni mtunza stoo. Sijazoea kuhutubia watu, nimezoea kuhesabu misumari. Nikaandika hotuba, nikaifupisha, nikamsomea mbuzi wa jirani. Mbuzi akaondoka katikati.

Leo asubuhi, mke wangu alipokwenda kwenye sala za jumuiya, nikatia komeo mlangoni, nikafunga madirisha, nikazima redio, nikavaa koti. (Mjadala ni wa sauti tu. Koti la kumwonesha nani? Sijui.) Nikazima milio yote ya ujumbe na kuilaza simu kifudifudi mezani, ili maoni ya watu yasinitie kiwewe. Hedifoni za waya nikachomeka sikio moja tu, na kile kipaza sauti chake kidogo nikakibana kwenye kola kwa kibanio cha nguo.

Muda ukafika. Wengine wote wakazima vipaza sauti vyao, kama tulivyokubaliana. Nikaanza.

"Ndugu zangu, juzijuzi mama mmoja aliingia kwenye kundi hili akaandika maneno mawili: Hodi humu. Hakuna aliyemjibu. Chini yake mtu akabandika tangazo la lenzi! Mtu anabisha, sisi tunamwangalia tu. Halafu tunajiita wapenda fikra?"

Nikajiona nimeanza vizuri.

Ndipo nikasikia mlangoni: "Hodi!"

Jumamosi hupita wauza ndizi na mboga wanaoshuka na mizigo kutoka milimani, nao hubisha nyumba hadi nyumba. Nikaona nikinyamaza ataondoka. Nikapandisha sauti kidogo. "Mgeni hahitaji kupewa elimu kwanza. Anahitaji kusikia neno moja tu..."

"Hodi wenyewe!"

"...neno moja, karibu. Neno hilo halimgharimu mtu chochote..."

"Hodiii! Jamani, hamna watu humu?"

Nikashindwa kuvumilia. Nikachukua mto wa kochi, nikaifunika simu, nikaukandamiza kwa mikono miwili, kisha nikafoka kuelekea mlangoni:

"Hatununui! Nenda nyumba nyingine, hapa kuna watu wanafikiri!"

Kimya. Nikatoa mto. Nikasafisha koo. Nikairudia ile sauti yangu ya hotuba: "Kama nilivyokuwa nikisema, ukarimu..."

(Ninyi mmeshaona kosa. Mimi sikuliona. Simu ndiyo iliyokuwa chini ya mto. Kipaza sauti kilikuwa kwenye kola, chini ya kidevu changu.)

Sikioni nikamsikia kijana mmoja wa Dumila, ambaye hajawahi kutoa neno kwenye kundi, akicheka mpaka anakohoa. "Mzee baba! Umemfukuza nani huyo?"

"Nani kaacha kipaza sauti wazi?" nikauliza kwa ukali.

"Wewe, Kaka Bene." Huyo ni Zuhura, na hakuwa anacheka. Hapo ndipo nilipoogopa. "Hujaona ujumbe wangu? Mama Felista wa Mkuyuni yuko mjini leo. Mtandao wa kwao unakatakata, nikamwelekeza aje asikilizie kwako. Ndiye yule wa Hodi humu."

Komeo nililolitia mwenyewe likagoma kufunguka. Lilipoachia, barazani hapakuwa na mtu. Palikuwa na mkungu mdogo wa ndizi, umeegemezwa ukutani vizuri. Nimemfukuza, ameacha zawadi!

Kwa kuchanganyikiwa nikaubeba ule mkungu begani, simu mkononi, nikatoka mbio. Koti. Peku.

"Baba Anna!" akaniita mwenye duka la jirani. "Ndizi bei gani?"

"Siuzi!" nikajibu. (Dakika chache tu baada ya kusema sinunui.)

Nikamkuta kwenye kalavati, anatembea taratibu, hana haraka ya mtu aliyeaibika. Aliyeaibika alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama miguu, akapanda mpaka kwenye koti. "Ulisema hamnunui."

"Ndiyo, mama."

"Mimi siuzi."

"Ndiyo, mama. Nisamehe sana."

"Na wale wanaofikiri, wamemaliza?"

Hedifoni zilikuwa zimechomoka njiani, kwa hiyo kicheko cha kundi zima kikatoka kwenye simu. Mama Felista akaiinamia. "Ninyi ndio wa humu?"

"Ndio sisi! Karibu mama!" Sauti nyingi kwa mpigo. Sikujua kama tunazo.

"Haya, nimekaribia. Nina picha moja tu ya marehemu mume wangu. Kanipa mgongo, anapanda kilima kwenda shambani na jembe lake. Wanangu wanasema haina uso, siyo picha yake. Mimi mgongo ule ningeutambua popote. Sasa niambieni, ni yake au si yake?"

Kimya. Nikaona kundi linafungwa pale pale, juu ya kalavati, nikiwa na ndizi begani.

Halafu yule kijana wa Dumila, safari hii hacheki: "Mama, uliipiga wewe?"

"Mimi."

"Alijua?"

"Angejua, angegeuka."

Basi, hapo kila mtu akataka kusema. Wakabishana, wakakatizana, wakaombana radhi, wakabishana tena. Mwenye duka akatuletea benchi, naye akachangia. Tulikaa mpaka chaji ikaisha. Hotuba yangu bado imo mfukoni mwa koti, na hakuna aliyeiulizia.

Zuhura hajafunga kundi. Ila jioni hii amebadilisha maneno ya kumpokea mgeni: "Karibu. Hapa kuna watu wanafikiri, lakini mlango hauna komeo."

Naomba msinicheke. Mkishindwa kujizuia, ingieni humo mnicheke kwa kuandika, maana kimya ndicho kilichotuponza. Bisheni tu hodi. Nitafungua kwa ya kwanza.